Unakwenda Nalo Wapi? Historia ya Panga na Sheria Likoni, Kisauni na Changamwe

Anayetaka bastola nchini Kenya sharti aombe leseni, achunguzwe na afuate masharti ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Anayetaka panga huingia duka la vifaa pale Kongowea, akapima uzito wake mkononi, akalipa na kwenda zake. Hakuna anayemuuliza jina. Kenya haina leseni ya panga, wala ya kisu, wala ya sime, wala ya jambia. Lakini mtu huyohuyo akikutwa na panga hilohilo saa nne za usiku katika uchochoro wa Mishomoroni, yuko na wenzake wawili na hana maelezo, anaweza kushtakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 7 na hakizidi miaka 15.

Baina ya duka na uchochoro hakuna kilichobadilika katika chuma chenyewe. Kilichobadilika ni jibu la swali ambalo askari polisi wamekuwa wakiwauliza wapita njia tangu enzi ya mkoloni: unakwenda nalo wapi? Ng'ambo tatu za Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, zina historia ndefu na swali hilo. Ni historia ya kazi na heshima, kisha ya siasa na damu. Inafaa ielezwe sasa, kwa kuwa kila genge la vijana linapovamia mtaa na kukata watu, wako wanaotaka makali yapigwe marufuku yote kabisa, na wako wanaotaka vijana wapigwe risasi bila kuulizwa lolote. Pande zote mbili zinasahau tulikotoka.

Makali ya kazi, makali ya heshima

Kisiwa cha Mombasa hakijapata kujilisha chenyewe. Kililishwa na ng'ambo zake. Mihogo, mahindi, nazi na maembe vilitoka Likoni na Mtongwe, Kisauni na Bamburi, Changamwe na Jomvu. Mkulima alikwenda shambani na jembe, panga na shoka. Mgema alikuwa na kotama yake, kisu kilichopinda cha kukatia shina la ua la mnazi ili tembo lidondoke kibuyuni. Kazi ya mgema haingoji jua lipande. Hukwea alfajiri na tena jioni, na kwa sababu hiyo hutembea na makali kiunoni saa zilezile ambazo polisi huzitilia shaka.

Kazi hizo zingalipo hadi leo, ingawa mashamba mengi yamegeuka nyumba za kupangisha. Muuza madafu karibu na kivuko cha Likoni hana chombo kingine isipokuwa panga lake. Mtunza bustani anayevuka asubuhi kwenda kutafuta kibarua hubeba panga na fyekeo vikiwa vimeviringishwa gunia. Wauza nyama na wauza samaki hushinda na visu mikononi. Inapokaribia Idd ya Kuchinja, mnoa visu huzunguka mitaani na baiskeli yake, na kila nyumba yenye mbuzi humletea kisu. Kwa watu hawa wote, makali ni riziki.

Mapanga ya kiwandani yalikuja na biashara ya kikoloni. Kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1874, iliuza mapanga yenye chapa ya mamba katika sehemu nyingi za Afrika, na mengi yalipitia bandari kama hii yetu. Panga likawa chombo cha bei nafuu ambacho mnyonge yeyote aliweza kukipata. Hilo ndilo lililolifanya liwe chombo cha kwanza cha shamba, na baadaye silaha ya kwanza ya asiye na bunduki.

Upande wa pili palikuwa na makali ya heshima. Katika miji ya Waswahili mwungwana alijulikana kwa mavazi yake, na jambia au upanga vilikuwa sehemu ya mavazi hayo pamoja na kanzu, joho na kilemba. Maliwali wa Pwani, waliokuwa wakisimamia mambo ya Waislamu chini ya utawala wa Waingereza, walihudhuria shughuli rasmi wakiwa na jambia kiunoni, wakakaa meza moja na magavana, na hakuna aliyewaona kuwa wamekuja na silaha. Mpaka leo bwana harusi wa Mombasa huvalishwa joho na kushikishwa upanga au kufungwa jambia, akatembezwa barabarani kwa kaswida na matari. Askari akipita hapo, huenda akasimama kutazama. Hamkamati mtu.

Kwa hiyo sheria ilipofika haikukuta watu wasiojua mipaka ya makali. Jamii ilikuwa na mipaka yake tayari: makali ya shamba yabaki shambani na njiani, makali ya heshima yabaki kwenye ala.

Sheria yaja na bendera

Wakoloni wa mwanzo hawakuhofia panga. Walihofia bunduki. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa saini na mataifa ya Ulaya pamoja na Zanzibar yenyewe, ulizuia kuingizwa kwa bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Visu na mapanga havikuguswa. Miaka 5 baadaye, Desemba 1895, Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa maili 10 wa Pwani kwa makubaliano na Sultani Hamid bin Thuwaini. Wakati huohuo vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mkuu wa Mazrui, vilikuwa vinawaka kusini na kaskazini mwa Mombasa. Vilipozimwa mwaka 1896 na Mbaruk akakimbilia upande wa Wajerumani, serikali mpya ilikuwa imejifunza kwamba tishio kwake ni bunduki zilizomo mikononi mwa watu. Panga likaachwa kwa mkulima.

Mwaka 1897 Waingereza walileta sheria za India zitumike hapa, Kanuni ya Adhabu ya India ikiwa miongoni mwao. Kanuni hiyo ya India ilitumika hadi tarehe 1 Agosti 1930, ilipoanza kazi Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo leo ni Sura ya 63. Kanuni hiyo haikutungwa Nairobi kutoka mwanzo. Ukoo wake unarudi kwenye kanuni iliyoandikwa na jaji Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, mwaka 1899, ikapitia Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, ndipo ikafika Afrika Mashariki. Na baadhi ya makosa yake ni ya kale zaidi. Kosa la kutembea na silaha hadharani lina mizizi katika sheria ya Northampton ya mwaka 1328, iliyopitishwa Uingereza zama za mfalme Edward wa Tatu ili wakuu wenye wafuasi waliojihami wasipite masokoni na kuwatia watu hofu.

Hofu hiyo ndiyo kiini cha kifungu cha 88 cha sheria yetu. Kinamtia hatiani mtu anayetembea na silaha hadharani pasipo sababu halali, kwa namna inayomtia mtu yeyote hofu kubwa. Mambo hayo yanakwenda pamoja: awe na silaha, awe hadharani, asiwe na sababu halali, na namna yake iwe ya kutisha. Likikosekana moja, kosa halipo. Mgema mwenye kotama kiunoni ana sababu. Bwana harusi mwenye upanga hatishi mtu. Anayekimbia barabarani akipunga panga juu ya kichwa hana sababu na anatisha. Kosa hilo huhesabiwa kuwa dogo, na silaha yaweza kutwaliwa.

Vifungu vizito viko mbele yake. Kifungu cha 89 kinamhusu aliye na silaha katika mazingira yanayoonyesha kwamba anakusudia kuvuruga amani ya umma au ametoka kuivuruga. Kifungu cha 308 kinamhusu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Hapo ndipo penye ile miaka 7 hadi 15. Na silaha hiyo ikitumika kuiba, kifungu cha 296(2) kinaingia, wizi wa kutumia nguvu, ambao adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ili kosa hilo lithibitike inatosha lipatikane moja kati ya mambo matatu: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au amjeruhi mtu. Kijana anayedhani kwamba kuonyesha kisu tu ili apewe simu ni jambo dogo hajui kwamba tayari amekwisha kuingia kwenye kifungu hicho.

Pakaongezwa Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, iliyoanza mwaka 1950. Sheria hiyo inakataza mtu kuwa na silaha ya kudhuru kwenye mkutano wa hadhara au maandamano. Maana inayotoa ni pana na ya busara: silaha ya kudhuru ni kitu chochote kilichotengenezwa au kugeuzwa ili kijeruhi, au ambacho mwenyewe anakusudia kukitumia kujeruhi. Katiba ya mwaka 2010 ikatia muhuri, kwani kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha.

Zote hizo, za 1930, 1950 na 2010, zinakubaliana katika jambo moja. Hazikukataza chuma. Zilimtazama mtu, mahali, wakati na nia.

Njia nyingine ilijaribiwa na mkoloni huyohuyo kwingineko nchini. Baada ya mlowezi Theodore Powys kufa mwaka 1931, na Wasamburu kutuhumiwa, serikali ya miaka ya 1930 iliwapiga marufuku morani wa Kisamburu kubeba mikuki. Kabila zima lilibebeshwa lawama ya wachache. Pwani haikuwekewa marufuku ya namna hiyo, lakini mfano huo unafaa kukumbukwa na kila anayetaka leo aina fulani ya watu ipigwe marufuku kubeba aina fulani ya chuma.

Usiku wa Likoni

Likoni ndiko sheria hizi zilikopimwa kwa moto. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi kwenye kivuko. Wengi walikuwa na mapanga, pinde, mishale na marungu, na wachache walikuwa na bunduki. Waliwaua polisi, wakachukua bunduki kutoka ghala la silaha, wakachoma majengo na vibanda vya wafanyabiashara, kisha wakaingia mitaani kuwasaka watu wa bara: Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na inakadiriwa kwamba 100,000 walihama makwao. Mamia ya familia zilijibanza katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni, wakiwa na magodoro na watoto, wasijue pa kwenda.

Mpango wenyewe Pwani iliwahi kuuona. Tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar yalianza kwa watu wenye mapanga na silaha chache sana za moto kuvamia kambi ya polisi ya Ziwani na kutwaa bunduki zilizokuwamo. Unguja ilikuwa na sababu zake na Likoni ilikuwa na zake, na nia za wahusika hazilingani. Kinacholingana ni njia: makali yakiwa ni ufunguo wa ghala la bunduki. Mtu anayedhani panga ni silaha ya kijijini isiyoweza kutikisa dola na asome tarehe hizo mbili kwa pamoja.

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilisikiliza ushahidi wa Likoni, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Mwaka huohuo shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti yake lenyewe. Habari zilizopatikana zilieleza vijana waliokula kiapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo, ghadhabu ya wenyeji waliojiona wamenyimwa ardhi na kazi, na mikono ya watu wa siasa waliotaka wapiga kura wa bara wasiwepo siku ya uchaguzi. Zilieleza pia kwamba dalili zilionekana mapema na hazikushughulikiwa ipasavyo. Kaya ni mahali ambapo mila ya Wamijikenda inakataza hata kukata mti. Kuigeuza kambi ya kuandalia mauaji kuliwaumiza hata wazee walinzi wa mila hiyo.

Nataka msomaji aliangalie jambo hili kwa utulivu. Agosti 1997 vifungu vya 88, 89 na 308 vilikuwepo vyote. Sheria ya Utulivu wa Umma ilikuwa na miaka 47. Vijana wengi walikamatwa baadaye, wengine wakiwa hawana hatia yoyote, na hakuna mwanasiasa hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa kuyapanga mauaji yale.

Historia ikakaribia kujirudia upande wa Changamwe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi, kundi la watu waliojihami kwa mapanga lilishambulia polisi katika eneo hilo na kuua kadhaa. Serikali iliwalaumu wafuasi wa Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, na viongozi wa kundi hilo wakakana. Kundi hilo lilikuwa limepigwa marufuku mwaka 2010, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Mara mbili katika miaka 16, makali yalitoka mafichoni kipindi cha uchaguzi, na mara zote mbili walengwa wa kwanza walikuwa polisi.

Magenge ya mitaani

Baada ya 2013 sura ya makali ilibadilika. Hayakutoka tena msituni na kiapo. Yalitoka vichochoroni, mikononi mwa wavulana. Kisauni ikajulikana kwa majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao, Likoni kwa Wajukuu wa Bibi, na mengine yaliyozaliwa na kufa kila mwaka. Desemba 2016 Waziri wa Usalama wa Ndani Joseph Nkaissery alitangaza marufuku dhidi ya makundi 90 ya kihalifu nchini kwa kutumia Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010, na magenge ya Mombasa yalikuwamo. Marufuku haikuyamaliza. Mwaka 2022 na 2023 jina la Panga Boys lilitawala habari za Kisauni, Nyali na Likoni.

Mwendo wao unajulikana na kila mkazi. Wanatokea kundi zima kwa mpigo, wanapita barabara moja mbio, wanapora simu na pesa, wanamkata anayekataa na hata asiyekataa, na kabla gari la polisi halijafika wamekwisha kupotea. Walioumia ni akina mama wa viazi karai, madereva wa bodaboda, wanafunzi, wahudumu wa vibanda vya M-Pesa. Kidonda cha panga hakiponi kama kidonda cha ajali. Mishipa ya mkono ikikatwa, fundi hupoteza ufundi wake, na nyumba nzima hupoteza chakula.

Sheria inajikwaa hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umri. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na wa kati ya 12 na 18 ana utaratibu wake mahakamani. Ni sheria ya haki, na inahitaji shule za marekebisho zinazofanya kazi na maafisa wa watoto wa kutosha, ama sivyo mvulana hurudi kwenye genge akiwa na sifa zaidi. Ya pili ni ushahidi. Kifungu cha 308 kinataka mazingira yanayoonyesha nia, na mazingira hayo huelezwa na watu. Jirani atasimamaje kizimbani kumtaja kijana anayepita mbele ya mlango wake kila jioni? Kesi huanguka, kijana hutoka, na mtaa hujifunza kunyamaza.

Hapo ndipo huja kishawishi cha risasi. Mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yamekuwa yakipinga kwa miaka mingi mauaji ya vijana mikononi mwa polisi pasipo kesi. Wapo wakazi wanaoyaona mashirika hayo kuwa watetezi wa wahalifu. Si kweli. Kijana aliyeuawa kabla ya kuulizwa hawezi kusema nani alimpa panga, nani alimlipa, wala nani hununua simu zilizoporwa. Risasi huwafichia siri wakubwa wake.

Nani husamehewa swali

Ukipita fukwe za Bamburi na Nyali utawaona vijana wa Kimaasai wakiuza shanga, sime zikiwa kiunoni ndani ya ala nyekundu. Ukipita viwanda vya Changamwe usiku utamkuta mlinzi na rungu, pengine na sime au upinde. Singasinga mcha Mungu hubeba kirpani, kisu kidogo ambacho dini yake inamwamuru asikiache, na Katiba inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 32. Polisi huwaacha wote hawa, na hufanya vizuri, kwa sababu kila mmoja ana sababu inayoonekana.

Taabu ni kwamba sababu ya mwingine haionekani. Kijana wa Mtopanga au Majengo Mapya aliyevaa fulana na kaptula, akiwa na panga ndani ya gunia kwa kuwa amepata kibarua cha kufyeka, hana vazi la kumtetea. Kwenye kivuko cha Likoni, ambapo inakadiriwa watu 300,000 huvuka kila siku na mizigo hupekuliwa, maelezo yake hupimwa kwa sekunde chache na askari aliyechoka. Sheria inamlinda sawasawa na wengine: inataka sababu halali, na kibarua ni sababu halali. Akikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini katika muda wa saa 24, na aambiwe kwa lugha anayoielewa kwa nini amekamatwa. Anayeijua haki hiyo huidai. Asiyeijua hutafuta namna ya kutoka, na kila anayeishi ng'ambo anajua ni namna gani.

Wengine walifanyaje

Mataifa mengine yamepita njia hii. Japani ilipiga marufuku kubeba upanga hadharani tarehe 28 Machi 1876. Isipokuwa wanajeshi, polisi na watu waliovaa mavazi rasmi ya serikali, tabaka zima la samurai lililazimika kuvua upanga uliokuwa alama yao kwa karne nyingi. Uingereza, iliyotuletea kosa la kutia watu hofu, yenyewe ilisonga mbele: tangu sheria ya mwaka 1988, mtu akikutwa hadharani na chochote chenye makali, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja kisichozidi inchi 3, ni juu yake kuthibitisha sababu. Hata hivyo sheria hiyo kali imetaja kwa jina sababu zinazokubalika: kazi, dini na vazi la kitaifa. Oman, ambako koo nyingi za Mombasa zina jamaa, ilichukua mwelekeo mwingine. Hanjari iko kwenye bendera yao na viunoni mwa wanaume katika shughuli rasmi, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na desturi zake katika orodha ya urithi wa binadamu.

Nchi tatu hizo zimetofautiana sana, lakini hakuna hata moja iliyoweza kuishi bila kuuliza sababu. Anayetaka Kenya ikataze mapanga kabisa hana budi atueleze mgema atakwea na nini, na nyama ya Idd itakatwa na nini.

Aliyebeba na aliyemtuma

Kwa maoni yangu sheria tuliyo nayo inatosha, na pungufu liko katika kuitumia. Askari na amuulize kila mtu swali lilelile kwa heshima ileile, awe amevaa shuka nyekundu, joho au fulana, na aandike jibu. Mashahidi wa Kisauni na Likoni wapewe ulinzi ambao Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi imewaahidi tangu mwaka 2006. Wavulana walio chini ya miaka 18 wapelekwe mahali pa kurekebishwa kwa kweli. Anayenunua simu ya wizi ashtakiwe pamoja na aliyeipora.

Lakini somo kubwa la Likoni ni jingine. Vifungu vya 88, 89 na 308 vinamtazama aliyebeba panga, na kwa sababu hiyo mizigo yote ya historia yetu imemwangukia mtoto wa maskini. Kifungu cha 20 cha Kanuni hiyohiyo kinasema kwamba anayesaidia, anayeshauri au anayemwezesha mwingine kutenda kosa anahesabiwa kuwa ametenda yeye mwenyewe. Kwa waliopanga mauaji ya Likoni, kifungu hicho kimelala tangu Agosti 1997. Kila uchaguzi unapokaribia na wavulana wa ng'ambo wakaonekana wamepata mapanga mapya na pesa za mfukoni kwa siku moja, polisi na waendesha mashtaka wana wajibu wa kuuliza maswali mawili: unakwenda nalo wapi, na nani amekupa. Swali la kwanza Kenya imelijua kwa miaka zaidi ya 90. Familia zilizozika watu wao Likoni zinastahili kuona siku ambayo swali la pili litajibiwa mbele ya hakimu.